Tomahoki ya Mjane wa Ghubra

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Muuza samaki akiniapia kwamba nguru wake katoka baharini asubuhi ile, mimi humfunua mashavu nikatazama mwenyewe. Kwa hiyo mlango wa nyumba yangu ya Ghubra, mtaa wa Maskati, ulipoanza kujaribiwa mchana, sikulia wala sikukimbilia kwa mama. Niliwapitisha akilini watu wote wanaonijua, nikajiuliza nani kati yao anaweza.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Mume wangu alikuwa amefariki, eda nimeimaliza, na nimebaki katika nyumba aliyoniandikia kabla hajaugua: nyumba ndogo ya chini, yenye baraza mbele na geti la chuma. Watoto hatukujaaliwa. Mama na kaka yangu walikaa Sib, mwendo wa gari kutoka kwangu, na kila Ijumaa nikienda kula kwao wimbo ulikuwa mmoja: rudi nyumbani, mwanamke hakai peke yake. Mimi nilitaka kukaa. Nilikuwa na kazi yangu wizarani, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mkobani mwangu tu. Kurudi Sib kulikuwa kurudi kuwa mtoto wa watu, niulizwe ninakwenda wapi na kwa nini nimechelewa.

Asiyeijua Maskati ataona ajabu mwizi kuja mchana. Lakini kule mchana, watu wakisharudi kutoka makazini na kula, ndio wakati uliokufa. Jua linawaka, viyoyozi vinanguruma, kila mtu amelala, hata paka wamejificha chini ya magari. Wakati huo ndipo geti langu lilipokuwa likilia, kisha kitasa cha mlango wa mbele kikazungushwa taratibu na kuachiwa. Nikifika dirishani, hakuna mtu.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa jirani yangu Mkenya, mama wa makamo aliyefanya kazi kwa zamu katika hoteli ya Bustan. Mtaani pale ni yeye peke yake ambaye hakuwa na desturi ya kulala mchana, na kwangu hilo lilitosha. Nikamwendea, nikamkuta anafua.

"Sister, mimi nikitaka kuingia kwako si nitabisha tu?" aliniambia, mikono imejaa povu. "Lakini kuna mwanaume nilimwona kwa hiyo baraza yako. Amevaa kanzu. Nilidhani ni mtu wenu, juu alikuwa ametoa viatu."

Nikarudi kuitazama baraza yangu kwa macho mengine. Upepo ulikuwa umeleta vumbi jembamba, na juu yake nyayo tupu za mtu mzima zilikwenda mpaka mlangoni na kurudi. Chini ya ngazi palikuwa na alama za makubadhi, yamewekwa sambamba, vizuri kabisa. Nilikaa pale pale nikawaza. Mwizi gani huyo anayevua viatu? Kwetu mtoto hufundishwa hilo hata kabla hajajua kusema vizuri, na mtu akishalelewa hivyo, mguu ukifika baraza ya watu kiatu chatoka chenyewe. Huyu basi alikuwa mtu wetu. Nikawahamishia shaka mashemeji zangu, ambao tangu msiba walikuwa wakiisifu nyumba ile kupita kiasi.

Ijumaa niliyasema yote mbele ya sahani ya wali.

"Si nlikwambia?" mama alisema, wala hakuonekana kushangaa. "Rudi, mwanangu. Chumba chako kipo."

"Mama kasema kweli," kaka akaongeza, huku akitafuta mwiba kwenye samaki asiye na miiba.

"Sirudi," nilisema. "Nipeni silaha."

Kaka yangu alikuwa askari wa siku nyingi, na miezi ile mkubwa wake alikuwa amempa kazi ya kujaribu mashoka madogo ili wachague moja la kuwapa askari wanaokwenda milimani. Aliyaita tomahoki: kichwa kidogo, mpini wa urefu wa mkono, kitu cha kuning'inia kiunoni. Yalikuwa matatu ndani ya buti la gari lake, nami nilikuwa nimeshayaona. Asingeweza kusema hana. Alikwenda kuyachukua kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulipa faini, akayapanga juu ya busati.

Mama aliinuka hapo hapo. "Sitaki kuyaona hayo ndani ya nyumba yangu. Nlioyaona kule yananitosha." Kwa mama, kule maana yake ni Unguja, na mwaka wa mapinduzi, ambao hakupenda kuutaja. Akaingia jikoni na kuufunga mlango.

La kwanza lilikuwa chuma kitupu, kichwa na mpini kipande kimoja. Kaka alilisifu: halivunjiki, utang'oa nalo bawaba za mlango. Nikalishika, nikaliachia kwa kelele, maana lilikuwa limeshinda ndani ya gari lililoanikwa juani. "Askari wenu watalishika kwa taulo?" nikamuuliza. Akaandika kitu kwenye karatasi yake.

La pili lilikuwa na mpini wa plastiki ngumu iliyovishwa mpira, jepesi, na nyuma ya kichwa lina mwiba mrefu. Hilo ndilo alilotaka nilichukue. Alieleza kwamba mwiba ni wa kuvunjia kufuli na vioo, kwamba kwa askari shoka ni chombo cha kazi kwanza, cha kufungulia masanduku, kukata kuni na kupigilia vigingi vya hema, na kupigana nalo ni jambo la mwisho kabisa, akiwa hana kingine. Mimi nikasimama kwenye ujia wa nyumba ile, nikaliinua kama mtu anayetaka kupiga. Mwiba ukanitazama katikati ya paji la uso. Katika ujia mwembamba, silaha hiyo ingeniua mimi kabla ya mgeni wangu.

La tatu lilikuwa la mpini wa mti, kisogo bapa kama nyundo. Kasoro yake niliisikia nilipolitikisa: joto la Maskati hukausha mti, na kichwa kilikuwa kinacheza kidogo. Lakini mpini wa mti unaweza kulowekwa, na ukivunjika unachonga mwingine popote penye mti. Nikalipunga na kulisimamisha hewani, nikalipunga tena. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Shoka usiloweza kulisimamisha njiani, ukikosa shabaha linakuburuta wewe, na mtu aliyeburutwa ameshatoa mgongo wake. Makali yake niliyajaribu kwenye mkono, yakanyoa malaika bila kuuliza.

"Hilo zito kwako," kaka alisema. Jasho lilikuwa limemtoka, na kiyoyozi kinafanya kazi.

"Kila Idi nani anayekata mbuzi nyumba hii?"

Akasema basi nimwachie kwanza, aloweke mpini na kulinoa, maana kwake halijawa tayari. Shoka linalonyoa, linolewe tena? Nilimtazama, naye akatazama busati.

Alilileta kwangu baada ya siku kadhaa, limepakwa mafuta, ndani ya ala mpya ya ngozi. Mpini alikuwa ameukaza vizuri. Akanishika bega. "Sikiliza, mdogo wangu. Usipige. Ukimwona mtu, muonyeshe tu, atakimbia. Umesikia? Usipige." Alilirudia hilo mlangoni, akalirudia na getini, na mtu akinirudia neno namna hiyo, mimi hulala nalo.

Alipoondoka nikatoa paja la mbuzi kwenye friji. Nikapiga. Mfupa ulipondeka, nyama ikabonyea, wala haikukatika. Nikapitisha kidole kwenye makali, hakuna makali. Yalikuwa yamepigwa tupa mpaka yakawa bapa kama ukingo wa sahani, na mikwaruzo ya tupa bado inang'aa. Askari anaweza kusahau kunoa, lakini hasahau mpaka akatia butu. Nikajiuliza: mtu anayempa dada yake silaha, kisha akaitoa makali, anakiogopea kichwa cha nani?

Niliingiwa na hasira. Nililitundika lile shoka jikoni na sikuligusa. Siku iliyofuata nilirudi kutoka kazini, nikala, nikaweka kiti nyuma ya mlango wa mbele, nikakaa na birika la kahawa.

Hakuja siku ile. Alikuja baada ya siku mbili. Geti lililia, hatua zikaja, zikasimama chini ya ngazi kwa kitambo cha mtu kuvua makubadhi. Kitasa kikazunguka.

"Karibu!" nikasema, kwa sauti ile ile ninayowapokelea wageni.

"Ahsante, nshakaribia," sauti ikajibu kutoka nje.

Adabu ya mama yetu ilikuwa imemtoka mdomoni kabla akili haijamzuia. Nikafungua. Kaka yangu, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alikuwa amesimama peku juani, ananyanyua mguu huu na kushusha ule kwa jinsi sakafu ilivyokuwa ya moto.

Nilimtukana, na sitaki kuyaandika niliyomwambia. Alipopata nafasi alisema, "Mama kanituma. Wallahi mie nlikataa mwanzo. Akalia. Anasema ukitishwa kidogo utarudi mwenyewe."

"Na shoka?"

"Ulitaka nikupe lenye makali, halafu nije mlangoni?"

Nikacheka, na bado nilikuwa na hasira ya kumpiga. Nikachukua ufunguo wa gari nikamwacha pale pale, nikaendesha mpaka Sib.

Mama alikuwa kitandani na tasbihi yake. Aliniona uso, akajua. Hakukana hata kidogo.

"Ndio, mie. Unataka kunambia nini?"

"Nataka uniambie kwa nini. Unanitia khofu ndani ya nyumba yangu mwenyewe, mama!"

Aliweka tasbihi chini. "Dada yangu alikuwa na nyumba yake, kama weye. Mjane, kama weye. Siku zile watu wetu wote wamejikusanya kwetu, nkamtumia mtu kumwambia aje. Akajibu, siachi nyumba yangu kwa khofu."

Mimi tangu utotoni nilijua kwamba mama yangu mkubwa alikufa kwa homa. Ndivyo tulivyoambiwa sote.

"Wale watu walipopita, tukenda," mama alisema. "Nlidhani tutaukuta mlango umevunjwa kwa mashoka. Haukuwa na hata mkwaruzo. Kaufungua mwenyewe. Jirani alisikia: walipiga hodi, vizuri kabisa, na yeye akawaambia karibu."

Hakulia. Aliiokota tasbihi na kuendelea pale alipoachia. Nilikaa chini karibu na kitanda chake, nikamshika mguu, na sikumwambia kwamba mchana ule ule na mimi nilikuwa nimesema karibu.

Jua halijazama nikarudi Ghubra. Sikuhama, na mama hakuniomba tena. Nyumba ni yangu mpaka leo. Lakini usingizi wa mchana sijaupata tangu siku ile, na mtu akipiga hodi, hata awe nani, humuuliza jina kwanza.