Bila Mtumiaji Kuhusika

Kwa miaka tisa, kila siku ya kazi saa tisa na nusu alasiri, kompyuta ya ofisi ya makaburi ilimuuliza mama mmoja swali lilelile: je, unataka kuhifadhi nakala? Na kwa miaka tisa mama huyo alijibu ndiyo. Alichomeka flashi, akabonyeza, akakunja mikono na kuutazama mstari wa kijani ukitambaa mpaka mwisho. Kisha aliichomoa flashi, akaifunga kwenye leso na kuitia kifuani, mahali ambapo manispaa haina mamlaka ya kukagua.

Kazini walimwita Mama Nakala. Majirani walidhani jina limetokana na binti zake wawili, waliofanana naye kupita kiasi, na hakuna aliyejisumbua kuwasahihisha. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa na maelezo yake kwa wateja. "Mke wangu kaajiriwa kusema ndiyo," alikuwa akisema huku pini zimemjaa mdomoni. "Basi nyumbani hata mazoezi hafanyi."

Alianza kazi pale kama mfagizi. Alikuwa akiifuta vumbi kompyuta ya karani kwa kitambaa kibichi, jambo alilokatazwa mara tatu. Karani alipostaafu, hakuna aliyetaka kurithi kiti kinachotazamana na makaburi, yeye akakaa. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Kitabu cha maelekezo alikisoma mpaka kurasa zikaanza kuhama zenyewe. Ndani ya kompyuta hiyo walikaa watu elfu kumi na tisa na ushee, kila mmoja na jina lake, tarehe, mstari na namba, wote wametulia. Usumbufu waliuleta ndugu zao, waliokuja na maua na kuuliza mjomba yuko wapi. Mama Nakala alibonyeza na kuwaambia, mstari wa kumi na saba, namba nane, mkifika kwenye bomba pindeni kushoto.

Kisha mkuu wa kitengo akaenda semina ya siku tatu, akarudi na mkoba wa kitambaa na barua. Barua ilisema kwamba kuanzia sasa nakala zitahifadhiwa na mfumo wenyewe kila siku, bila mtumiaji kuhusika. Majaribio yangechukua siku tisini. Yakifaulu, mtumiaji angepangiwa majukumu mengine.

Mama Nakala aliuliza mtumiaji ni nani. Mkuu akamjibu kwa upole kwamba ni yeye. Majukumu mengine je? Stoo ya makoleo, kuandika nani kachukua koleo na nani karudisha. Stoo ile haikuwa na dirisha, na sakafu yake ya saruji ilikuwa baridi ya kuumiza mifupa. Isitoshe ilikuwa nyuma ya chumba cha mifagio, yaani baada ya miaka yote hiyo angepita pale alipoanzia na kuendelea kurudi nyuma. Alikwenda nyumbani akamweleza mumewe, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na utani, alimwongezea chai.

Mtaalamu aliyeletwa alikuwa kijana mwenye shahada mbili na chaja tatu. Alikaa kwenye kiti cha Mama Nakala bila kuomba, akaandikaandika, kisha akauliza ni saa ngapi kompyuta huwa haina mtu.

"Saa saba, mwanangu," akasema Mama Nakala. "Tunakwenda kula."

"Saa saba kamili?"

"Kamili. Njaa haichelewi."

Mtaalamu akaandika saba. Saba ya Mama Nakala ilikuwa ya mchana, jua likiwa utosini, kama zilivyo saa saba za watu wote waliomlea. Saba ya kompyuta ilikuwa asubuhi, watu wanapiga mswaki. Wakati huo ofisi ilikuwa imefungwa, umeme umekatwa kwenye swichi kuu, na mashine imelala fofofo kuliko hata wateja. Mtaalamu alikuwa ameishi na kompyuta muda mrefu kiasi cha kusahau kwamba kuna saba mbili. Alipomaliza alieleza kwamba mfumo hautatoa ujumbe wowote kwenye skrini, ili usimsumbue mtumiaji. Ukishindwa kufanya kazi, taarifa itakwenda kwenye barua pepe yake yeye mtaalamu. Taarifa ilikwenda kweli, kila siku kompyuta ilipowashwa, na ikifika ilichukuliwa kuwa tangazo la biashara na kutupwa kapuni. Hatua zote hizo zilifanyika bila mtumiaji kuhusika.

Mama Nakala alikabidhi flashi ofisini na kusainia. Siku zikaenda. Saa tisa na nusu ikifika vidole vyake vilisogea vyenyewe kuelekea kitufe, akavirudisha. Vibali vya mazishi vya karatasi vikawa vinachomwa kila Ijumaa, kwa amri ya mkuu, maana mfumo upo.

Siku ya themanini na nne, Jumanne, kompyuta iliwashwa ikatoa sauti kama mtu anayetafuna changarawe, ikanyamaza. Mtaalamu akaitwa, akaifungua, akasema diski imekufa. Alilitamka neno hilo mbele ya watu wa makaburi na wakamwelewa vizuri sana. Msiwe na wasiwasi, akawaambia, tunaingiza nakala ya jana kwenye mashine nyingine. Akaitafuta nakala ya jana. Akatafuta ya juzi. Ya mwisho kupatikana ilikuwa ile ya kwenye flashi, iliyobonyezwa na Mama Nakala siku moja kabla ya mageuzi.

Wakaiingiza hiyohiyo. Mfumo ukafunguka vizuri na kutangaza kwamba mstari wa thelathini na mbili wote uko wazi. Kwenye mstari huo walikuwa wamelala watu, na wengi wao hawajawekewa hata kibao. Mazishi mengine matatu yalikuwa kesho yake.

Mkuu aliitisha kikao cha watu wawili, yeye na Mama Nakala. Tayari alikuwa ameandaa ripoti ya mafanikio, imebaki tarehe tu, kwa hiyo alihitaji mtu wa kubeba lawama. Akamwuliza kama alikuwa na chuki na mfumo. Akamwuliza kama aliwahi kuugusa. Mwisho akaweka kalamu mezani.

"Mama, sema ukweli tu. Ulihusika?"

Mama Nakala aliisogeza ile barua ya siku ya kwanza mbele yake na kuweka kidole kwenye mstari.

"Bosi, wewe ndiye uliyeniandikia nisihusike. Nimetii. Kama nakala hazipo, hazipo kwa sababu sikuhusika."

Mkuu alisoma mstari huo mara mbili. Barua ilikuwa na saini yake.

Kosa la saa lilipofahamika, mtaalamu alieleza kwamba kitaalamu mfumo haukukosea, ulifanya ulivyoagizwa. Mama Nakala hakukaa kusikiliza. Alichukua daftari, akavaa viatu vya mvua, akaenda kumtafuta mkuu wa wachimbaji, ambaye walimwita Futi Sita. Alikuwa mtu wa maneno machache na mgongo mbovu, na aliwakumbuka wote aliowazika si kwa majina bali kwa udongo.

"Huyu jiwe," akasema Futi Sita kwenye kaburi la kwanza. "Yule maji. Huyu mwembamba, lakini ndugu zake walileta sanduku kubwa kama kabati."

Walitembea mistari yote siku hiyo na mbili zilizofuata. Futi Sita alisema udongo na siku, Mama Nakala akaandika namba, kisha akapigia simu familia moja baada ya nyingine kuuliza majina, akianza kila mara kwa kusema hakuna tatizo lolote, jambo lililowatia watu hofu. Yale mazishi matatu ya kesho yake yalifanyika mahali ambapo hapajazikwa mtu. Ripoti za mwezi zilizopelekwa kwa wakubwa zilionyesha kwamba katika siku themanini na nne walizikwa watu mia moja arobaini na mmoja. Wao wawili walipata mia moja arobaini na wawili. Huyo wa ziada alifunguliwa faili.

Stoo ya makoleo haikutajwa tena. Mfumo ulirekebishwa ukawa unafanya kazi saa saba ya mchana, mstari wake ukionekana kwenye skrini, na ulifanya vizuri. Lakini wakubwa walitaka kuhakikishiwa kwamba jambo kama lile halitajirudia, na mkuu hakutaka kuonekana amerudi kwenye mambo ya zamani. Basi akamwacha Mama Nakala kwenye kiti chake na kumpa cheo, Msimamizi wa Mfumo Usiohusisha Mtumiaji. Kila siku saa saba anabaki ofisini, anautazama mstari wa kijani ukitambaa wenyewe, mikono mapajani, kisha anajaza fomu: nakala imehifadhiwa, nami nathibitisha kuwa sikuhusika. Anasaini. Chakula anakula saa nane.

Mwezi uliopita aliugua mafua akalala nyumbani siku moja. Mfumo ulihifadhi nakala kama kawaida. Ila fomu haikusainiwa, na mkuu akaona kwamba kutohusika kwa siku hiyo hakuna ushahidi. Aliporudi alitakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini hakuthibitisha.

Aliandika mstari mmoja: "Sikuwepo."

Mkuu akausoma, akatafakari, akaugonga muhuri. Katika faili lote, alisema, huo ndio uthibitisho wenye nguvu kuliko yote.