Ufunguo wa Mlango wa Mama

Kuhani wetu ana vidole vyekundu visivyotakata, kwa miaka mingi ya kumpaka Mungu Mama unga mwekundu. Matajiri humwinamia, naye huwakemea kama watoto. Lakini siku tatu kila mwaka, kwa imani yetu, Mama huwa hedhini, hekalu hufungwa, na kuhani hushinda nje akiuzungusha ufunguo wa mlango wake.

Leo asubuhi, siku ya nne, siku ya kufungua, alikuja kwenye meza ninayouzia maua nje ya hekalu.

“Dada Malati, hebu nitazame. Nywele zimekaa sawa?”

“Kwani unakwenda kuposa, baba?”

“Usinitanie. Mwaka jana Mama alininunia.”

Akachagua ua jekundu, akalirudisha, akachagua jingine. Kisha, mbele ya umati mzima, ufunguo pekee ukiwa mkononi mwake, akabisha hodi kwenye mlango wa hekalu, akasubiri kukaribishwa.