Wifi Yangu Alipokatazwa Kusema

Walimu wenzake walimpa jina la Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Ukifika getini pa shule unamsikia, ingawa darasa lake ni lile la mwisho kabisa, jirani na matangi ya maji. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha darasa la kwanza, watoto sitini na ushee kila mwaka, na fimbo hakuwahi kuishika. Sauti ilimtosha. Jumapili sauti hiyohiyo ilikwenda kanisani kuongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya, na Alhamisi mchana ikaongoza maombi ya akina mama. Mwenye shida alikwenda kwake, na yeye akamwombea mpaka majirani wakasema amina.

Mimi ni mdogo wa mumewe. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho ninachosukia watu nywele, kwa hiyo habari hii sikusimuliwa. Niliiona.

Ilianza na koo kukwaruza. Akasema ni vumbi la chaki. Akanywa maji ya moto na asali, akatafuna tangawizi, akalala na shuka limezungushwa shingoni. Mwezi wa tatu sauti ikaanza kukatika katikati ya wimbo. Anafungua kinywa, kinatoka kipande, kingine kinabaki ndani. Mwalimu wa kwaya akamwambia kwa upole apumzike Jumapili mbili tatu. Wifi akarudi nyumbani, hakuvua hata nguo za kanisani, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Ndivyo alivyo. Akikosa amani, mikono yake haitulii.

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ni mtu wa maneno machache, na masikio yake yamechoka kwa kelele za mashine. Akamwambia, "Mwalimu, nenda hospitali."

"Nimeshaomba."

"Vizuri. Na hospitali nenda."

Daktari wa koo alikuwa binti mdogo, labda sawa na mtoto wao mkubwa. Akampitishia puani mrija mwembamba wenye kamera, akatuonyesha kwenye kioo kijinyama chekundu kilichoota kwenye uzi mmoja wa sauti. Akasema kitakatwa, na kipande kitapelekwa maabara.

"Ni saratani?" wifi akauliza. Hakuzunguka.

"Sijui, mama. Nikisema siyo nitakudanganya, na nikisema ndiyo nitakudanganya vilevile. Majibu yatachukua wiki tatu." Akaandika andika, halafu akainua kichwa. "Na hizo wiki tatu husemi. Hata kunong'ona usinong'one."

Kaka akakohoa. "Daktari, hata kidogo?"

"Hata kidogo, mzee."

Kaka akanitazama, nami nikamtazama. Tuliona kicheko kinatujia wote wawili, tukaona aibu, tukaangalia sakafu.

Basi akakatwa, akarudi nyumbani na daftari kubwa na kalamu aliyoifunga kwa uzi akaivaa shingoni. Hati yake ni ile ya mwalimu wa darasa la kwanza, herufi za duara kubwa kubwa, lakini kaka kila siku miwani yake inapotea. Siku ya pili wifi aliandika, "Mgeni anakuja." Kaka akasogeza daftari mbali, akalileta karibu, akasoma, "Mgongo unauma." Mchungaji alipobisha hodi alimkuta kaka amesimama sebuleni na dawa ya kuchua, anambembeleza mkewe alale kifudifudi. Wifi alicheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Kisha machozi yakaendelea, na kicheko kilikuwa kimeshakwisha.

Wiki ile ya kwanza sitaki hata kuikumbuka. Aliteremsha nguo zote kabatini, akazikunja upya, akazirudisha. Akapunguza ua wa mbele ya nyumba mpaka ukabaki vijiti. Akianza chai, anaiacha na kwenda kufagia. Akianza kufagia, anaegemeza ufagio na kwenda getini kuangalia njia, kana kwamba majibu yangekuja kwa miguu. Nikimwambia kaa, anakaa, na goti linaanza kuchezacheza.

Siku moja akapotea. Nilimwacha mteja wangu amesukwa nusu kichwa, nikaenda moja kwa moja shuleni. Nikamkuta amesimama nyuma ya darasa lake, ameshika nondo za dirisha. Ndani, mwalimu kijana aliyeletwa kushika nafasi yake alikuwa anasomesha silabi, na watoto wanaitika kwa pamoja. Mtoto mmoja akamwona, akapiga kelele, "Mwalimu!" Darasa zima likageuka. Wifi akaweka kidole mdomoni, akarudi nyuma, akaondoka haraka. Tulipofika nyumbani ndipo akafungua daftari.

"Anafundisha vizuri," aliandika. Chini yake akaongeza, "Nilitaka afundishe vibaya."

Alhamisi akina mama wa maombi wakaja. Walikuwa kumi na wawili, wakajaza sebule, wakaomba kwa nguvu. Mmoja wao, mwenye moto sana, akamshika mabega. "Dada, kiri kwa kinywa chako! Sema, nimepona! Sema!"

Wifi akamwonyesha koo.

"Lo," yule mama akasema, akamwachia, na sebule nzima ikaangua kicheko.

Walipoondoka, mmoja alibaki. Ni mama mshonaji wa sare za shule, mjane, mtu ambaye kwenye maombi yale sijawahi kumsikia akiomba kwa sauti. Alikaa pembeni ya wifi, akamuuliza, "Mwalimu, na wewe mwenyewe unaomba?"

"Kila saa," wifi akaandika.

"Unaomba nini?"

Hapo kalamu ilikimbia. Aliandika ukurasa mzima. Majibu yawe mazuri. Yaje kabla ya mitihani. Sauti irudi ileile, siyo pungufu. Irudi kabla binti yake hajajifungua, ili amsikie mama yake siku hiyo. Mwalimu kijana arudishwe alikotoka, ila asiumie. Ukurasa ulipojaa akamkabidhi.

Mshonaji alisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari. "Mwalimu," akasema, "mbona hii ni ratiba ya vipindi? Umempangia Mungu kazi toka asubuhi mpaka jioni, hata mapumziko hukumpa."

Wifi akalichukua daftari lake, akalifunga pa!

Yule mama hakuinuka. "Usinikasirikie. Mume wangu alipougua, mimi pia niliomba hivi. Mume wangu alikufa. Kwa hiyo sikuambii kwamba utapata unachotaka, maana sijui. Ninachokijua ni kwamba siku zile Mungu hakuniacha. Nilikuwa nimelemewa, nikamwachia mzigo, akaubeba na mimi juu yake." Akachukua mkoba wake. "Chai siku nyingine. Nina magauni ya watu."

Alipotoka tu, wifi alinijia chumba cha mbele. Nilikuwa namsuka mteja, akaniwekea daftari mbele ya macho. Herufi zilikuwa kubwa, na kalamu ilitoboa karatasi.

"NA YEYE AKINYAMAZA?"

Mimi si mtu wa maombi. Kanisani nakwenda, lakini nakaa viti vya nyuma, karibu na mlango. Mteja alikuwa anasubiri. Nikasema tu, ili nitoke kwenye swali lile, "Basi mtakaa kimya wote wawili."

Akanitazama. Niliona mikono yake imetulia. Kwa siku kumi sikuwa nimeiona imetulia. Kisha akaenda zake.

Kesho yake mchana nilimwona uani amekaa kwenye kigoda, bila daftari, bila kalamu, mikono juu ya magoti. Sikumsemesha. Alikaa labda dakika kumi, akainuka ghafla, akavamia sufuria kwa steliwaya kana kwamba imemtukana. Siku iliyofuata akakaa tena, robo saa. Kisha akainuka, akaenda kuangalia njia. Sikuona badiliko lolote la kutangaza, ila alikuwa anarudi kwenye kigoda kile kila siku.

Baadaye, alipoweza kusema, nilimuuliza alikuwa anafanya nini pale. "Wifi," akaniambia, "sikuona nuru na sikusikia kitu. Hofu ilikuwa ileile. Maneno yangu yalikuwa yameisha, nikagundua hakuwa anayasubiri. Nilikaa naye na ile hofu yangu, basi. Haikuwa yangu peke yangu tena."

Binti yao, ambaye ameolewa mbali, alikuwa akipiga simu kila jioni. Tulikuwa tumepanga utaratibu: mimi naweka simu kwa sauti ya juu, wifi anagonga kwa kalamu. Kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Mama, umekula?"

Akagonga mara moja.

"Majibu yametoka?"

Mara mbili.

Tumbo la binti lilikuwa limefika mwezi wa tisa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Mama, unaogopa?"

Miaka yote mama huyu amewafundisha watoto, wake na wa wenzake, kwamba anayemwamini Mungu haogopi. Kalamu ilibaki hewani. Halafu akagonga, mara moja.

Upande wa pili binti akaanza kulia. "Na mimi naogopa, mama. Naogopa kuzaa. Nilikuwa siwezi kukwambia."

Hakukuwa na la kugonga. Wifi akaichukua simu, akaiweka sikioni, wakabaki hivyo, mmoja analia na mwingine anapumua, mpaka chaji ikaisha. Baada ya siku sita mjukuu akazaliwa, wa kike, salama. Majibu yalikuwa bado.

Siku ya majibu tulikwenda watatu. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini karibu saa mbili. Wifi alisimama na kukaa, akasimama na kukaa, akasoma kila tangazo lililobandikwa ukutani, hata la chanjo ya watoto. Jina lake lilipoitwa, kaka ndiye aliyeshindwa kuinuka. Ilibidi tumvute.

Daktari alisema siyo saratani. Sote tukashusha pumzi, akainua mkono kutuzuia. Akaeleza kwamba sehemu ile ilikuwa imeanza kubadilika, na inaweza kurudi na kuwa mbaya. Itabidi aje kupimwa kila baada ya miezi mitatu. Na sauti itarudi, lakini siyo ile. Kuongoza kwaya, hapana. Kufundisha watoto sitini, hapana.

"Sasa jaribu kusema kitu," akamwambia. "Polepole."

Wifi akageuka kwa kaka. Tulingoja, mimi nikidhani atasema asante Mungu. Akasema, "Umevaa miwani yangu."

Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, ngeni kabisa. Kaka akasogeza sikio. "Nini? Rudia." Mpaka leo sijui kama kweli hakusikia, au alitaka kuisikia tena. Akarudia, na kaka akaivua ile miwani, akatoa kitambaa, akafuta macho badala ya kufuta miwani.

Mtu angedhani siku hiyo shida ziliisha. Jumapili wifi alikaa na waumini, siyo kwaya. Wimbo ulipofika pale anapopapenda, akafungua kinywa, na hewa tupu ikatoka. Akainuka, akapita mbele yangu pale mlangoni, akatoka. Nikamfuata. Alikuwa ameegemea ukuta.

"Nilimwomba anirudishie sauti," akasema, "akanipa ya kaka yako." Akacheka, akalia, akacheka. Mimi nilimshika tu mkono.

Shuleni mwalimu mkuu alimpa chumba kidogo kilichokuwa stoo ya vitabu, wapelekwe kwake watoto walioshindwa kusoma, wanane kwa wakati mmoja. Mwezi wa kwanza alikichukia chumba kile. Alisema kinanuka panya na kustaafu. Akamlalamikia Mungu waziwazi, kwa sauti yake mpya, huku anapanga viti. Lakini kila asubuhi alikwenda. Siku moja alirudi akaniambia kuhusu msichana aliyekuwa hajui hata herufi moja darasani kwa mwalimu Redio, mwaka mzima, na wifi mwenyewe hakuwahi kumgundua katikati ya wale sitini. Alilisema hilo kwa uchungu, hakulifanya muujiza.

Mchungaji akamwomba atoe ushuhuda. Akasimama mbele, kipaza sauti mkononi, kitu ambacho zamani hakuwahi kukihitaji.

"Sijapona moja kwa moja," akasema. "Nitarudi kupimwa, na naogopa. Asubuhi namwachia Mungu jambo hili. Mchana namnyang'anya. Jioni namrudishia. Naye hajachoka kupokea. Ndivyo ninavyokwenda. Asanteni."

Akakaa. Watu hawakujua wapige makofi au la. Mshonaji wa sare, kwenye viti vya katikati, akasema "Amina" peke yake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti mle ndani.

Sasa ni mwaka wa pili. Juzi alitoka kwenye kipimo cha saba, na daktari amemwambia awe anakuja kila baada ya miezi sita. Nilimpokea mlangoni, nikamuuliza, "Wifi, sasa umetulia?"

Akafikiri. Si mtu wa kudanganya kwenye mambo haya.

"Leo, ndiyo," akasema. "Kesho nitamwomba tena." Akaingia ndani kutafuta chochote cha kula, maana saa nane watoto wake wanane wangekuwa wanamngoja.