Filamu Niliyomfasiria Bibi Sikukuu ya Pili

Sikukuu ya pili nilikwenda Jang'ombe nimevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka nzi akitua anateleza. Posa yangu ilikuwa imeshapelekwa nyumba ile tangu kabla ya Ramadhani, na jibu lilikuwa halijarudi. Wazazi wa binti wameridhia, wajomba wameridhia, hata paka nadhani alisharidhia. Aliyebaki ni bibi yao tu, na bila ya neno la Bibi nyumba ile haibadilishi hata pazia.

Nikamkuta ukumbini, kakaa mkekani, anatafuna tambuu, midomo myekundu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye weye unayekuja kutuoa, mimi na mjukuu wangu?"

Nikasema naam, nikakaa, nikaletewa tambi. Kaka wa binti alikuwa keshaweka filamu kwenye televisheni, iliyotolewa kwenye kitabu cha katuni alichokisoma mpaka kikatoka majalada. Shujaa wake ana suruali ya kubana, rangi ya embe dodo, anawakejeli mashujaa wenzake wote na kuwakatakata maadui kama mtu anayetengeneza kachumbari ya harusi. Damu ya mle ndani ingetosha kupaka rangi Mji Mkongwe mzima, na ndoo moja ikabaki. Ama matusi ndiyo usiseme; wachukuzi wa bandarini wangeziba masikio.

"Nasikia umesoma," Bibi akaniambia. "Hebu nifasirie."

Cheti changu cha shule ya usiku nilikuwa nimekitembeza mtaa mzima, nikisema Kiingereza nakiota. Kusema sikijui siwezi. Na nikiyatamka maneno yale mbele ya mtu mzima, tena siku ya Idi, posa imekufa.

Shujaa akamkaba jambazi koo, akamtukana yeye na ukoo wake mpaka babu wa saba.

"Anasema, 'Ndugu yangu, umenikera kidogo.'"

Akamrusha dirishani, huku akimsindikiza kwa tusi jengine.

"'Samahani kwa usumbufu.'"

Jikoni, nyuma ya pazia, mtu akaangua kicheko. Nilikijua kicheko kile. Ni cha binti mwenyewe niliyemposa. Darasa la usiku tulisoma pamoja, na Kiingereza alinizidi mbali.

"Watu wa huko wana adabu," Bibi akasema.

"Ndivyo walivyolelewa, Bibi."

Mara yule shujaa akageuka, akatutumbulia macho sisi watazamaji, akaanza kusema nasi. Bibi akajivutia kanga kichwani.

"Ananambia nini huyu?"

Alikuwa anasema jambo juu ya makalio yetu.

"Anakupa mkono wa Idi, Bibi."

Jikoni sufuria ikaanguka.

Bibi akanigeukia. "Skiza, mume wangu. Mimi nimezaliwa Jang'ombe na nimezeekea Jang'ombe. Tusi nalijua hata likisemwa Kichina, naliona mdomo unavyobinuka. Na huyo jikoni hachekeshwi na mkono wa Idi. Sema kweli, au washenga wako wakapeleke posa kwengine."

Nikamsogelea, nikamnong'oneza neno moja tu, lile dogo kuliko yote. Jasho lililonitoka lingemwagilia mashamba ya Kidichi mpaka masika.

Bibi akaacha kutafuna. Nikaiona posa yangu inavaa viatu, inatoka mlangoni peke yake. Kisha akacheka, akacheka mpaka tambuu ikamruka, ikatua kwenye kanzu yangu, kifuani hasa. Mtu angedhani nimepigwa risasi filamuni.

"Hilo tu?" akasema akijifuta macho. "Marehemu babu yao alikuwa akiiambia baiskeli yake kila asubuhi!" Akaita jikoni, "We mwari!"

"Naam, Bibi!"

"Baba yako akirudi mwambie jibu nshalitoa. Huyu ulimi anajua kuusitiri, na wewe unajua kumcheka. Mtapatana." Akanigonga gotini. "Na wewe, rejesha pale alipomrusha dirishani. Unifasirie vyema sasa."

Mke wangu amelisugua doa lile la tambuu kwa ndimu, kwa sabuni, kwa dua, halitoki. Kanzu naivaa vivyo hivyo kila Idi, na Bibi ananipokea mlangoni kwa salamu yake ile ile:

"Ndugu yangu, umenikera kidogo."