Bawaba ya Tairi la Spea

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nasema mapema ili mtu asihangaike kunitafutia makosa. Lakini kuchomelea chuma najua. Ukipita Mabatini, hapa Mwanza, ukaona geti zito ambalo limezeeka bila kulegea, huenda nililitengeneza mimi, kabla hajazaliwa huyo anayelifungua leo.

Nataka kueleza habari ya tairi la spea, maana juzijuzi lilikaribia kumnyima mke wangu safari.

Mke wangu kwao ni Nansio. Tangu avunjike nyonga anatumia kiti cha magurudumu. Dada yake mkubwa yuko kulekule kisiwani Ukerewe, naye miguu imemwishia, hawezi kuvuka maji kuja Mwanza. Zaidi ya mwaka wanaongea kwa simu tu, na wakimaliza, mke wangu huishika ile simu mkononi muda mrefu, kama bado kuna mtu ndani. Siku moja akaniambia, "Mzee, nipeleke nikamwone dada. Mmoja wetu akitangulia kabla hatujaonana, nitakulaumu wewe."

Gari lipo. Ni la milango mitano, nimelinunua kwa jasho langu. Shida ilikuwa nafasi. Kile kiti hata kikikunjwa kinataka buti zima, na ndani ya buti lilikuwa limelala tairi la spea. Mahali pake pa asili ni chini ya gari, ila mnyororo wa kulishushia ulishaoza kwa kutu, na hata ungekuwa mzima, mimi nimestaafu kulala chini ya magari.

Binti yetu anayeishi Dar akasema kwenye simu, "Baba, si uliache tu nyumbani? Barabara siku hizi ni lami."

Nikamwambia lami haijawahi kuziba pancha. Sijatoka Mwanza bila spea hata siku moja, sikuona sababu ya kuanza siku ninayombeba mama yake.

Na tena, tairi la spea na mke wangu wametoka mbali. Enzi hizo nilikuwa na pikapu ya bluu, nikipeleka madirisha na mageti Usagara, Misungwi, mpaka ng'ambo Nansio. Spea nilikuwa nalifunga juu ya mzigo kwa mipira ya tyubu kuukuu. Hakuna kamba ya dukani inayoshika kama mpira wa tyubu, hilo hata leo nabishana na mtu. Siku moja narudi kutoka Nansio, nililishusha nikalilaza kwenye sitaha ya meli, nikaenda kunawa mikono. Kurudi nikakuta msichana amelikalia, kapu la machungwa miguuni, ametulia kama yuko sebuleni kwao.

"Dada, hilo tairi ni langu."

"Lina jina?"

"Halina."

"Basi subiri tufike Mwanza, utalichukua."

Nilisimama safari nzima, mimi mwenye pikapu yangu. Katikati ya ziwa akanipa chungwa alilolimenya, bila kunitazama.

Tulipooana akawa anasafiri nami. Magari nimebadilisha manne, matairi sina idadi, ila kila lilipopasuka njiani yeye alikalia lile lililokufa huku mimi nafunga lililo hai, na chungwa langu linamenywa. Ng'ombe wanapita, wachungaji wanatusalimia, mchanga wa moto, na sisi tuna nafasi ya kuongea ambayo nyumbani hatukuwa nayo. Kuna mambo ya nyumba yetu yaliamuliwa juu ya tairi bovu. Leo mtu anapiga simu, gari la kuvuta linakuja. Hata haketi chini.

Basi binti akatuma boksi kwa basi. Ndani kulikuwa na kibebeo cha tairi. Nyuma ya gari kuna chuma cha kuvutia tela, kina tundu la mraba. Mkono wa kibebeo unaingia mle, unapiga pini, unasimama wima nyuma ya gari, na tairi linafungwa juu yake kwa nati tatu. Kazi ya nusu saa. Lakini katikati ya ule mkono kulikuwa na kiungo, na nilipoutikisa kikacheza kama jino la mtoto.

Mimi chuma kinachocheza sikipendi. Nikaona hao wa kiwandani wamefanya kazi ya haraka. Nikatoa waya wa betri, maana hata umri huu sichomelei gari bila kutoa waya wa betri, nikaleta mashine.

Mke wangu alikuwa kwenye kiti chake barazani, ameshika karatasi iliyotoka kwenye boksi. Yeye alimaliza la saba na anasoma kila kitu, hata kipande cha gazeti kilichofungia sabuni.

"Mzee, hapa wamechora hicho kiungo, wanasema..."

"Karatasi haijawahi kuchomelea."

Akaishusha karatasi mapajani. Nikachomelea kile kiungo pande zote. Ulikuwa mshono mzuri, nasema kweli, umelala kama kovu lililopona. Nikafunga tairi, nikalisukuma kwa bega. Gari zima likatikisika, tairi halikucheza.

"Njoo uone kazi," nikamwambia.

"Nimeiona. Fungua mlango wa nyuma, nione kiti changu kitaingiaje."

Mlango wa lile gari unafunguka kwenda juu. Ulipanda upana wa kiganja, ukagonga tairi, ukakataa.

Nikajaribu tena, kama mtu anayedhani mlango ulikosea.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nakusomea: hicho kiungo ni cha kulisogeza tairi, mlango ufunguke."

"Ungesema kwa nguvu."

"Niliwahi kusema kwa nguvu lini, ukasikia?" Akaikunja ile karatasi mara mbili. "Mageti ya mji mzima umeyawekea bawaba. La kwangu umelichomelea."

Hakuwa anatania. Akageuza kiti mwenyewe akaingia ndani, na dirishani nikamsikia anaongea na dada yake. Kikerewe nakijua nusunusu, mimi ni Msukuma, lakini nilielewa alipomwambia kwamba haji.

Nimekata kazi za mafundi wengi wabovu. Yangu sikuwahi kuikata. Mtu akija na geti langu limegongwa na lori, nilikuwa naongeza chuma, sikati mshono. Siku hiyo nikachukua grenda ya kukatia chuma. Ule mshono ulinipiga vita, ulikuwa umeshika barabara, na kadiri ulivyoshika ndivyo nilivyojikasirikia. Nilipomaliza, kile kiungo cha kiwandani hakikufaa tena, nimekiunguza.

Nikaenda kwenye chuma chakavu nyuma ya nyumba. Kule nimehifadhi bawaba za geti letu la kwanza, tulilolitoa tulipopanua uzio. Bawaba nene, za bomba na nondo, nilizitengeneza mwaka tuliohamia. Kutu ilikuwa juu tu. Nikazisugua, nikazipaka grisi, nikaukata mkono wa kibebeo nikaupachika juu yake, ufunguke kwenda pembeni kama geti, na komeo la kuushika ukifungwa. Namba ya gari nayo, kwa kuwa tairi liliificha, nikaihamishia katikati ya tairi ili trafiki wasipate neno.

Nikamwita. Akaja, uso wake bado mgumu.

"Sukuma mwenyewe," nikasema.

Akasukuma kwa kiganja akiwa kitini. Tairi likaenda pembeni lote, taratibu, bila sauti. Nikainua mlango mpaka juu. Akazitazama zile bawaba, akazitambua.

"Mpigie dada," nikamwambia.

"Mpigie wewe. Mwambie kwa mdomo wako kwa nini nilisema siji."

Nikapiga. "Shemeji, nilikosea," nikasema, na sidhani kama kuna mtu mwingine aliye hai aliyewahi kusikia hilo kutoka kwangu. Shemeji alicheka mpaka akakohoa, akasema machungwa yanatungoja.

Bandarini tulikuta foleni ya magari. Mfanyakazi mmoja wa meli akalizunguka gari langu.

"Shikamoo mzee. Hilo geti la nyuma umeling'oa kwa nani?"

"Marahaba. Kwangu."

Nikavuta komeo, nikafungua, nikatoa kiti, nikamkalisha mke wangu hapo nyuma ya gari apate hewa mpaka zamu yetu ifike. Upepo ulitoka ziwani na harufu ya dagaa. Niliposhika mkono wa kibebeo ili nifunge, akaweka kiwiko juu ya tairi akaegemea.

"Liache kidogo."

"Mama, hilo tairi ni langu."

Alikuwa amepakata chungwa, mkono mwingine unatafuta kisu kwenye mkoba. Nikasimama nikasubiri.