Koti Katikati ya Kabichi

Mtaani wanamwita Mama Vijiti, na jina hilo kalitolea jasho. Kila akipanda kabichi huchomeka vijiti vya msalaba kati ya matuta, ndege wapate pa kukaa wakivizia viwavi. Wenzake hununua dawa. Yeye huandaa viti. "Vibarua wangu wana mabawa," hujigamba, "na hawaniombi chai."

Msimu huu, aliporudi kutoka kumuuguza dada yake, alikuta vibarua wamegoma. Majani yamekuwa chujio, na viwavi wanakaribia moyo wa kabichi. Wakiingia humo, hakuna cha kuvuna. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, alishajaza dawa na bomba liko mgongoni.

"Shemeji, ndege wako wameoa kwingine. Nipishe nipulize."

"Ukipuliza unawamwagia sumu mezani, hawarudi ng'o. Hebu tua hilo bomba, umekuwa kama kobe aliyechelewa harusini."

"Haya. Kesho jioni napuliza, utake usitake."

Mama Vijiti akaingia shambani kwa mwendo wa mwenye mali. Hakufika mbali. Katikati ya kabichi lilisimama sanamu la kutishia ndege: koti la mumewe, kofia ya mumewe, na mikononi utepe wa kaseti ukimetameta na kuvuma kwa upepo.

"Nimekulindia, mwanangu!" Ni mama mkwe, uso umejaa furaha. Maisha yake yote amelima mtama, na kwake kila chenye mabawa ni mwizi. "Hakuna ndege aliyetia mguu."

"Asante, mama. Umenilindia viwavi."

"Viwavi?"

"Ndege hawa hawali kabichi. Wanawala wanaoila."

Bibi akalitazama sanamu, akatazama matundu. "Sasa si ungesema! Mie nikajua vijiti ni vya mapambo."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Wakavua koti na kofia, wakang'oa utepe. Mti na mikono yake vikaachwa vilivyo.

Asubuhi mlamba, yule ndege mweusi wa mkia uliopasuka, alitua kwenye mkono wa sanamu. Akachupa chini, akarudi na kiwavi akining'inia mdomoni. Kufika mchana, kila kijiti kilikuwa na mwenyewe.

Jioni shemeji akaja na bomba lake. Njiani alimkuta mama yake ameketi juu ya ndoo, amevaa koti lile lile, fimbo mkononi.

"Geuza, baba. Wageni wanakula."