Nilimwita Mwongo kwa Sababu ya Tarehe ya Kompyuta

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Jina langu sitalitaja, maana Dodoma ni ndogo na wapo watakaonijua. Nimechoka kukaa na jambo hili peke yangu.

Miaka ile ya soko huria miradi ya wafadhili ilijaa mjini. Nilitoka Tanga nikapata kazi ya kuchapa katika mradi mmoja wa kuchimba visima. Sikuwa na ndugu hapa. Nilipanga chumba Majengo, na jioni ya kwanza nililia kama mtoto!

Aliyeniokoa ni Eliya, Mgogo wa upande wa Bahi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kukagua shida ya maji, kisha anarudi ofisini kuandika ripoti.

"Wewe, unakula peke yako una ugonjwa gani?" aliniuliza.

Tangu hapo tukawa tunakula wote chumbani kwake, ugali wa uwele na mlenda. Watu wakadhani tumezaliwa pamoja.

Ofisini kulikuwa na kompyuta mbili. Yangu ilinunuliwa Dar. Ya pili, aina nyingine kabisa, aliiacha mgeni kutoka Marekani, na ndiyo aliyotumia Eliya. Zote zilikuwa na programu nyepesi ya kuandikia, ukibonyeza kitufe inajiandikia tarehe na saa yenyewe. Tuliipenda mno! Ripoti zetu zote tulizipiga tarehe hivyo.

Mwezi wa saba orodha ya vijiji vya kuchimbiwa visima ikafungwa. Ilikuwa marufuku kuongeza kijiji baada ya hapo. Sasa mwezi wa kumi mkurugenzi akakuta kijiji cha kina Eliya kimo, na ripoti yake chini imeandikwa 6/9. Tarehe sita, mwezi wa tisa!

Tukaitwa.

"Mzee, niliandika mwezi wa sita, kabla hamjafunga," Eliya alisema. "Kweli kwetu kuna shida. Lakini sikuiba nafasi ya mtu."

Mkurugenzi akanigeukia. "Wewe ndiye mtaalamu. Mashine inaweza kudanganya?"

Nilikuwa na cheti cha kozi, na ndiyo kwanza nimekabidhiwa usimamizi wa kompyuta. Kichwa kilinivimba!

"Mashine haidanganyi, Mzee. Anayedanganya ni mtu."

Eliya akanitazama.

Akaachishwa kazi. Kijiji chao kikafutwa.

Siku chache baadaye kompyuta yangu ikagoma, nikahamia ile ya Mmarekani. Nikabonyeza kile kitufe. Ikaandika 10/25. Nikashangaa, mwezi wa ishirini na tano uko wapi?

Moyo ukanilipuka paa! Mashine ile ilikuwa inatanguliza mwezi, kama wanavyoandika kwao. Kumbe 6/9 ya Eliya ilikuwa tarehe tisa, mwezi wa sita. Alisema kweli! Na mimi, mtaalamu mzima, sikuwahi hata kugeuza shingo kuangalia.

Eliya alikuwa bado yupo mjini, anafunga godoro lake, mtaa wa pili tu kutoka kwangu. Mtambo wa kuchimba visima ulikuwa bado uko uani pa ofisi. Ilikuwa kusimama tu na kusema! Lakini nikawaza cheo changu, nikawaza watakavyonicheka. Nikaizima mashine. Nikanyamaza.

Mtambo ukaenda kwingine. Eliya akaondoka bila kuniaga. Nikarudi kula peke yangu, na safari hii hakuna aliyeniuliza nina ugonjwa gani. Ofisini walinisalimia na kupita. Nani afanye urafiki na mtu aliyemchoma rafiki yake? Mradi ulipoisha, cheo nacho kikaisha. Jumapili zangu naanza kuziogopa tangu Ijumaa!

Mwaka jana nikajikaza, nikapanda gari hadi Bahi. Mkewe hakunifahamu. "Mbukwenyi," akanisalimu kwa Kigogo, akaniletea maji ya kunywa. Yalikuwa ya chumvi, rangi ya udongo. Nikayanywa yote.

Eliya alipokuja nikamweleza kila kitu. Alisikiliza ameinama. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Ulijua lini?"

"Kabla hujaondoka mjini."

Akasema taratibu, "Mke wangu alikuwa anakulaani. Mimi nikawa nakutetea. Miaka yote hii namwambia, mwache kijana wa watu, yule hakujua."

Akanisindikiza hadi barabarani, tukasubiri gari. Lilipokuja akanipa mkono. Hakuniambia karibu tena.

Jamani, mnaotumia kompyuta, mwezi uandikeni kwa herufi, au mashine zote zipangeni namna moja, mwaka, mwezi, siku. Saa nayo semeni ni ya Kiswahili au ya kizungu. Hayo mtajifunza haraka, hayana ugumu. Lakini siku mkigundua mmemwonea mtu, nendeni mkaseme siku hiyohiyo, hata mkichekwa. Mimi nilikwepa kuchekwa, nikampoteza mtu pekee aliyekuwa bado ananitetea!